Mzee wa Dipu na Fahali Aliyeenda Kuoa

"Ameenda kuoa," Mzee wa Dipu aliniambia.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa boma lake, mtoto mgongoni, kilo tano za chumvi ya ng'ombe kichwani, nimeteremka kwa miguu kutoka Kiptere tangu asubuhi. Nilikuwa nimeuliza swali moja tu: fahali wangu yuko wapi. Nilifikiri sikusikia vizuri, nikauliza tena. Akarudia polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa maandishi ya chupa ya dawa. Fahali alichukuliwa Jumanne na Baba Chebet, yaani mume wangu, pamoja na shemeji yangu mdogo. Shemeji anaoa huko upande wa Bomet na wazee wa msichana wametaka dume mwekundu. Fahali alienda bila shida yoyote. Hata mto alivuka vizuri.

Nikatua chumvi. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu nilisoma shule ya wasichana ya kanisa na baadhi ya masista bado wako hai. Mtoto akaamka akaanza kulia. Mke wa Mzee akatoka jikoni, akatutazama, akarudi jikoni. Mzee mwenyewe alisimama akaningoja nimalize. Nilipomaliza akainama, akaupima mfuko wa chumvi kwa mkono, akasema, "Hii itatosha sana. Wamepungua."

Hapo ndipo nilipokatika. Miaka minne nilikuwa nimemvumilia huyu mzee, na nadhani nilimvumilia vizuri. Siku hiyo niliumaliza uvumilivu wote, na tangu hapo sijapata mwingine wa kuweka mahali pake.

Jina lake silitaji. Si kwa heshima. Ni kwamba hakuna mtu anayelitumia, hata mke wake. Alikuwa mlinzi wa dipu la ng'ombe, yaani josho la dawa ya kupe, la lokesheni yetu tangu mimi sijazaliwa, akaitwa Mzee wa Dipu akiwa bado kijana. Yeye mwenyewe alisema "tipu". Sisi Wakipsigis hatusumbuani sana kuhusu d na t, na mimi nilifika sekondari ndipo nikaona kwenye kitabu cha kilimo kwamba ni dipu. Nilipomwambia, alisema kitabu hakijawahi kuingia ndani ya maji ya dawa.

Serikali ilipotangaza kwamba wafugaji wasimamie madipu yao wenyewe, kamati ilichaguliwa. Kamati ilikutana mara moja, ikanywa chai na chapati, ikatawanyika. Dawa ikaisha. Sasa hivi ndani ya lile shimo kuna majani na vyura. Lakini kila Alhamisi Mzee alivaa koti lake la mvua la serikali, lile refu la rangi ya matope, akaenda akasimama kwenye mdomo wa dipu. Na ng'ombe walikuja. Walikuwa wamezoea, na wenye ng'ombe nao walikuwa wamezoea. Walipita mmoja mmoja ndani ya kile kichochoro cha mbao, Mzee akiwapapasa nyuma ya masikio na chini ya mkia, akiwatoa kupe kwa vidole na kuwatupa kwenye mkebe wa mafuta taa. Alikuwa dipu yeye mwenyewe. Mshahara ulikatwa zamani. Nilimuuliza kwa nini anaendelea. Akasema hakuna barua iliyomwambia kupe wamestaafu.

Rejista ya dipu aliitunza pia. Ilikuwa na safu ya tarehe, safu ya jina la mwenye ng'ombe, na safu ya idadi. Sasa huyu mzee hakuhesabu ng'ombe wa mtu. Kuhesabu mali iliyo hai, kwa maoni yake, ni kuionyesha njia ya kuondoka. Kwa hiyo kwenye safu ya idadi aliandika "Wamekuja". Kama mmoja alikosa aliandika "Wamekuja, si wote". Kurasa mia mbili za hivyo. Afisa mmoja wa mifugo alikuja na pikipiki, akafoka kwamba ofisi haiwezi kutuma mbele ripoti inayosema wamekuja. Mzee akampa kalamu. Akamwambia asimame pale mbele ya watu wote ahesabu yeye, ili wakifa ijulikane ni nani. Afisa akawatazama wale watu. Wale watu nao wakamtazama afisa. Akatia sahihi, akapanda pikipiki.

Lakini usidhani alikuwa hajui. Ng'ombe mmoja wa lokesheni nzima akikosa, aliuliza, "Yule wa jicho lenye ukungu yuko wapi?" Ng'ombe aliwajua wote, na mama zao, na nyanya zao. Watu ndio walimshinda. Mimi alinijua kama mjukuu wa mwenye ng'ombe mweusi aliyeanguka kwenye choo. Usoni aliniita "chepto", yaani msichana, na hakuacha nilipoolewa, wala nilipozaa. Nimefanya kazi ya karani wa kupima majani chai, wanaume wazima wakininyenyekea nisiwapunguzie kilo, lakini kwa Mzee wa Dipu mimi nilikuwa chepto.

Nieleze sasa ni kwa nini nilimpelekea mtu wa namna hii ng'ombe wangu.

Huku kwetu juu ni majani chai na ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa. Ng'ombe wa gredi ni kama mama mkwe aliyekuja kukaa. Anakatiwa majani ya nepia, anachotewa maji, anajengewa banda lenye paa zuri kuliko lako, anakamuliwa asubuhi na jioni, na akikohoa unakimbia. Mimi nilikuwa na kazi ya kusimama kutwa kwenye mizani na shamba lililojaa chai mpaka mlangoni. Nilikumbuka mwalimu wetu wa kilimo, kidato cha tatu, akifundisha kwamba ng'ombe wa nyama anahitaji nyasi, maji, chumvi, na kuachwa peke yake. Hapo kwenye kuachwa peke yake palinipendeza sana.

Nikaanza kusema kwa watu kwamba nataka kuanzisha kundi dogo la ng'ombe wa nyama. Walicheka. Waliniuliza kama nitawalisha majani chai, na kama watakunywa na sukari. Baba Chebet hakucheka, kwa sababu hakuwa anasikiliza. Mzee wa Dipu peke yake ndiye aliyesikia akaniuliza, "Utaanza na nini?"

Nikasema fahali mzuri.

"Mtu akianza na ndume ameanza na kelele," akasema. "Anza na mitamba. Ndume nunua mwisho, wakati mitamba wanamuuliza."

Yale niliyojifunza kwa huyu mzee sikuyapata darasani. Mtamba mtazame kutoka nyuma kwanza, nyonga zikiwa finyu muache, hata kama uso ni mzuri. Usinunue kwa mtu mwenye haraka. Usinunue ng'ombe anayesifiwa na mwenyewe. Usinunue wote pamoja, nunua mmoja, mkae naye, uone nyasi zako zinamwambia nini, ndipo uende kwa mwingine. Alinisindikiza soko la Chepseon mara tatu. Mara ya kwanza tulizunguka kutwa, akawakataa wote, tukarudi bila kitu, na yeye akawa na furaha kama mtu aliyetoka harusini. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu alinionyesha kamtamba kekundu, mbavu nje, pembe moja ikitazama Kisumu na nyingine Nakuru. Nikakataa. Akaketi chini, katikati ya soko, ndani ya koti la serikali, mpaka nikamnunua.

Huyo ndiye amekuwa bora kuliko wote. Hilo nalo linaniudhi.

Niliwanunua mitamba watano kwa mshahara wangu wa ukarani, mmoja mmoja, kwa muda wa karibu miaka miwili. Wa mwisho alikuwa fahali, nusu Borana, wale ng'ombe wa nyama wa kaskazini, kutoka shamba moja la upande wa Londiani. Nilimnunua wiki niliyoacha kazi kwenda kujifungua. Baba Chebet hakutoa hata kamba ya kumfungia. Nasema hivi ili ijulikane, si kwa ubaya. Ubaya unakuja.

Muda wote wa kununua niliwafunga kando ya barabara tu, pa kuwaweka hasa sikuwa napo. Mzee anakaa chini ya Sigowet, kule ardhi inakoteremkia Soin, joto lipo na nyasi zipo na hakuna mti hata mmoja wa chai. Na kwetu kuna desturi inaitwa kimanagan. Unampelekea mtu ng'ombe wako akutunzie. Yeye anakunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe na kila ndama atakayezaliwa ni wako. Hakuna karatasi. Ng'ombe akifa, mtunzaji anakuletea ngozi, ili ujue hakumuuza. Watu wamewekeana ng'ombe hivyo tangu zamani, na wengi hawajawahi kugombana, labda kwa sababu wengi wao hawakuwa na mke aliyesoma.

Siku ya kuwapeleka ilikuwa Jumapili, kwa hiyo Baba Chebet alikuwa huru na akaja pia, mikono mfukoni. Mzee alisimama mlangoni mwa boma. Mke wake alikuwepo na majirani wawili walikuwepo, kama mashahidi. Mzee akauliza lile swali linaloulizwa siku hiyo. Aliniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeshika kamba.

"Hizi ng'ombe ni za nani?"

Sasa mwanamke aliyelelewa vizuri hasemi "zangu" wakati mume wake amesimama pale pale. Inaonekana kama matusi. Mimi Kiswahili nilipita vizuri sana, naijua tofauti ya -angu na -etu kama ninavyozijua kilo na gramu. Nikasema, "Ni zetu."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Baba Chebet naye akaitikia kwa kichwa. Tukanywa maziwa lala ya kibuyu, tukaenda nyumbani, nikajisifu njia nzima kwa adabu niliyokuwa nayo. Nilikuwa nimegawa ng'ombe sita kwa neno la herufi nne.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Nilikuwa nimewavalisha mitamba hereni za plastiki zenye namba, moja hadi tano, kama tulivyofundishwa. Nilipokwenda mara ya kwanza kuwaona, hereni zilikuwa zimepangwa vizuri juu ya jiwe. Mzee alisema hawa si wafungwa. Alikuwa amewapa majina, kila mmoja kwa rangi na tabia yake, na yule mwenye pembe mbili zisizoelewana alikuwa amempa jina la chifu wa zamani.

Halafu maziwa. Ng'ombe wa nyama hakamuliwi. Ndama anyonye yote, ndivyo anavyopata kifua. Nilimweleza Mzee hili kabla ya ndama wa kwanza kuzaliwa, nikamchorea hata picha kwenye udongo. Akakubali, akasema hatakamua. Miezi mitatu baadaye nikamkuta ndama ana tumbo la mtoto wa shule aliyekosa chakula cha mchana. Nikamuuliza kama anakamua. Akasema yeye hakamui. Na kweli hakuwa anakamua. Mke wake ndiye aliyekuwa anakamua. Nilipomgeukia mke, akasema hakuna mtu aliyemwambia yeye lolote, na kwamba maziwa ya nyama ni matamu.

Hapo pana jambo ambalo sijawahi kulielewa vizuri kwa huyu mzee. Alisema waziwazi kwamba mwanamke hana ng'ombe. Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anavyosema leo ni Jumatano. Lakini kwake nyumbani hakuweza kuchinja kuku bila ruhusa ya mke wake. Na palikuwa na ng'ombe mmoja pale bomani, wa pembe iliyovunjika, ambaye Mzee hakumgusa. Niliponyosha mkono kumpapasa, akaniambia niache, huyo ni wa mama.

"Si ulisema mwanamke hana ng'ombe?"

"Hana."

"Na huyu?"

"Alisema," akanijibu, akaenda zake kutazama ua.

Sasa nije kwenye ngozi. Mtamba wa tano alipatwa na ndigana, ile homa ya kupe, mwaka wa pili. Mzee hakunificha. Alimtuma mtu kuniambia, na nilipofika nikamkuta amekaa kando ya yule mnyama tangu jana yake, akimnywesha maji kwa kofia yake mwenyewe, akimwambia mambo kwa sauti ya chini. Koti la serikali lilikuwa limemfunika ng'ombe. Dawa ilikuwa haipatikani Sigowet wala Kericho mjini siku hizo, au ilipatikana kwa mtu ambaye hayupo. Nilirudi nyumbani kwa sababu ya mtoto. Siku mbili baadaye, kumekucha tu, nikafungua mlango nikamkuta Mzee wa Dipu ameketi kwenye mawe ya uwanja wangu, Kiptere, mvua ikinyesha, ngozi mbichi imekunjwa mapajani. Alikuwa ameibeba begani kupanda mlima wote ule.

Nililia kidogo. Nikamwambia, karibu ndani, Mzee, nimeona, nashukuru. Nikanyosha mikono niipokee.

Akaivuta kwake. Akauliza, "Mwenyewe yuko?"

Baba Chebet alikuwa kiwandani, shifti ya asubuhi, anaangalia mashine ya kukausha majani. Nikamwambia mwenyewe ni mimi. Akasema atangoja. Na alingoja. Saa saba, na nilizihesabu. Mvua ikaacha, jua likatoka, inzi wakaja. Nilimpa chai mara nne, akanywa mara nne akashukuru kwa heshima zote. Aliniuliza habari za mtoto. Alinieleza jinsi mtamba alivyokufa, kichwa kikielekea mlimani. Kila kitu alinipa isipokuwa ile ngozi. Baba Chebet alipofika, amejaa vumbi la majani chai na usingizi, Mzee akasimama, akaikunjua mbele yake, akamwonyesha alama ya sikio, akamwambia ahakikishe. Baba Chebet hangemjua yule ng'ombe hata angemkuta amelala kitandani kwake. Akasema, "Ndiyo, ni yeye."

Mtu mwaminifu kuliko huyo sijapata kumwona, na siku ile nilitamani ateleze matopeni akirudi.

Ndivyo tulivyokwenda mpaka ile siku ya chumvi. Nilirudi nyumbani kutoka bomani kwa Mzee nikimtafuta Baba Chebet, nikamkuta anakula. Nilimuuliza kwa nini alitoa fahali wangu kwa mahari ya ndugu yake. Alitafuna akameza kwanza.

"Si tulisema ni zetu?" akasema. "Na mimi si niko ndani ya 'zetu'?"

Nikamwambia kuanzia leo apikiwe na shemeji mpya. Nikainua sahani.

Watu waliniambia ningoje, mambo ya nyumbani yasitoke nje. Lakini fahali wa mahari hakai mahali pamoja. Kaka yake msichana naye anataka kuoa, na huko atakakooa kuna kaka mwingine. Ukingoja adabu, fahali wako atakuwa ameoa mara tatu kabla ya Krismasi, na hakuna mzee atakayekubali kuvunja ndoa tatu kwa ajili ya mwanamke wa Kiptere. Mitamba wanne bila fahali si kundi. Ni ng'ombe wa kutazama tu. Nilikuwa nimesimama kwenye mizani miaka miwili, mwishowe nikiwa na mimba na miguu iliyovimba, na sikusimama ili shemeji apate mke.

Jumatatu nikaenda ofisi ya chifu.

Karani wa pale ni mtu wa upande wa ziwa, mpole, kalamu tatu mfukoni, Kiswahili chake kimenyooka. Nilimweleza kimanagan ni nini, akaisikiliza kama hadithi. Akaniuliza, "Sasa mama, unamlalamikia nani? Mume, shemeji, ama huyu mzee?"

"Wote."

Fomu ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Akaniambia niandike barua, yeye ataiambatisha. Nikakaa kwenye benchi nikaandika, mtoto akila kifuniko cha kalamu. Nilipompa barua akaisoma, akakohoa, akaniambia kuna shida ndogo. Kesi za ng'ombe chifu huwapelekea wazee watatu wanaokaa hapo kila Jumatatu, na mmoja wa hao wazee ni Mzee wa Dipu. Akatazama mlangoni. Mzee wa Dipu alikuwa anaingia.

Alimsalimia mtoto kwanza, halafu karani, halafu mimi. Alikuwa na koti lake. Karani akataka kuiweka barua chini ya rejista, Mzee akamwambia asome. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekuja kazini.

Karani akasoma. Alipofika kwenye "fahali mmoja mwekundu", Mzee akainua mkono.

"Mwekundu kama nini?"

Nikasema mwekundu tu, anajua mwenyewe.

"Mimi najua. Askari atajua? Huko Bomet ndume nyekundu ni nyingi kama kuku. Ukiandika hivyo utaletewa yoyote." Akamgeukia karani, akaanza kutamka, naye karani akaandika. Alimsema yule fahali kuanzia pua mpaka mkia, bila kusita, macho amefumba. Mambo mengine hata mimi sikuwa nimeyaona. Alipomaliza akauliza, "Nani wa kwanza hapo kwa walalamikiwa?"

Karani akasema wa kwanza ni mume.

"Badilisha. Ndume imetoka bomani kwangu. Wa kwanza ni mimi."

Karani akafuta, akaandika. Halafu akafika pale nilipokuwa napaogopa. Akasema, "Mzee, hapa kuna mahali pa mwenye mali. Wewe ulikuwepo siku ya kwanza. Hizi ng'ombe ni za nani?"

"Ni za huyu mama."

Sikumwelewa. Halafu nikaelewa, nikasimama na mtoto wangu, nikamwambia kwamba miaka miwili amekuwa akinifanya mgeni wa ng'ombe wangu. Kwamba alikataa kunipa hata ngozi.

"Ulisema ni zenu," akasema. "Nimetunza za kwenu. Leo umesema ni zako, umesema ofisini, watu wanasikia. Basi ni zako. Mbona unanifokea?"

"Ungeniambia niseme."

"Nikikwambia useme," akasema, "itakuwa ni mimi nimesema."

Nikamketisha mtoto kwenye benchi.

Yeye akafunga vifungo vya koti, akachukua fimbo, akaelekea mlangoni. Karani akamwita, akamwambia kwamba kesi haijasikizwa, wazee wenzake hawajafika, na tena yeye ni mlalamikiwa wa kwanza, anakwenda wapi. Mzee akasema anakwenda kumleta. Tulimwona kupitia dirishani akishika njia ya Bomet, mguu mmoja ukivuta kidogo, hatua zile zile za mtu wa serikali.

Karani akanigeukia akaniambia, kwa upole, kwamba kwa vile mzee amekubali na amekwenda mwenyewe, labda mama niiondoe barua, tuyamalize kiungwana.

Nikamwambia apige muhuri. Nakala yangu ninayo, na inasema hivi:

KWA CHIFU WA LOKESHENI

KUH: FAHALI WANGU ALIYETOLEWA BILA IDHINI YANGU

Mimi niliyetia sahihi hapa chini nawalalamikia watu watatu. Wa kwanza ni Mzee wa Dipu (jina kamili analo karani), ambaye fahali alitoka bomani kwake. Wa pili ni mume wangu, aliyemfungua. Wa tatu ni ndugu ya mume wangu, aliyemtoa kama mahari.

Fahali mwenyewe ni nusu Borana, mwekundu wa udongo wa barabarani baada ya mvua, si mwekundu wa matofali. Ana doa jeupe chini ya kidevu lenye umbo la jani. Sikio la kushoto limekatwa ncha. Nundu inalalia kulia. Ana kovu la waya kwenye goti la mbele. Akiitwa haji, akipigiwa mluzi anasimama.

Fahali huyu na mitamba wanne waliobaki niliwanunua mimi kwa jasho langu. Siku ya kuwapeleka niliulizwa ni za nani nikajibu vibaya. Nasahihisha.

Naomba mambo haya:

1. Fahali arudishwe kabla hajatolewa tena kwa watu wengine.

2. Ndama wote wanyonye maziwa yote, na mke wa mlalamikiwa wa kwanza aambiwe yeye mwenyewe.

3. Ng'ombe yeyote akifa, ngozi iletwe kwangu, nami niipokee kwa mikono yangu, hata kama mume wangu amesimama hapo.

4. Barua hii isomwe barazani kwa Kiswahili na kwa Kipsigis, kwa sauti.

Sahihi ya mlalamikaji: (imetiwa)

Makao: Kiptere

Kazi: Mfugaji